Paris ya kwenye muvi, na yule mtu wa mlangoni

Mwezi wote huu nina ugonjwa mmoja. Usiku nikimaliza kazi zangu nafungua laptopu natafuta muvi ya maisha ya mtu yeyote aliyeishi Paris, awe mwimbaji, mchongaji, mbunifu wa mavazi, mwanasayansi, simchagui, ilimradi ni mtu aliyekuwepo kweli na jiji ni lile. Mdogo wangu ananicheka, anasema dada wewe hujawahi kukanyaga huko lakini ukiulizwa njia ya kwenda Montmartre, mtaa wa Paris, utaelekeza watu. Ni kweli nitaelekeza, ila watapotea, na sababu ya kupotea kwao nitaieleza huko chini.

Mwanzoni nilikuwa nafuata utamu wa kawaida tu. Taa za barabarani, mvua kwenye mawe, kodiani linalia kwa mbali, watu wamevaa makoti marefu wanavuta sigara kama wanalipwa, na dirisha. Dirisha lazima. Kwenye muvi za Paris hakuna masikini ambaye akiamka asubuhi haoni mnara wa Eiffel. Mnara wenyewe ulianza kujengwa 1887 ukamalizika 1889, kwa hiyo ukiona muvi ya mtu wa mwaka 1870 na dirishani kuna mnara, zima ukalale. Alafu baada ya muvi kama tano sita hivi nikaanza kuona kitu kingine na tangu hapo siwezi kuacha kukiona. Karibu kila moja ina mtu wa mlangoni.

Namaanisha hivi. Anayesimuliwa mara nyingi katoka nje, kama si nje ya nchi basi nje ya jiji, au ni wa mtaa wa walalahoi wa jiji hilo hilo. Anafika hana mbele wala nyuma. Anatokea mtu, mara nyingi mwanaume, ana kilabu au kampuni au jina kubwa, anamtazama kidogo anasema wewe una kitu, ingia. Muziki unapanda, tunaambiwa huo ndio mwanzo wa maisha. Siku hizi mimi nikiwasha muvi ya aina hiyo hata simwangalii sana stelingi, namwangalia huyo wa mlangoni, manake kama kuna uongo basi mwingi umejificha kwake.

Tuanze na Edith Piaf, yule mwimbaji wa Kifaransa, kwa sababu ndiye aliyeniambukiza. Filamu ya Olivier Dahan ya 2007, La Môme, ambayo nje ya Ufaransa wengi tunaijua kama La Vie en Rose. Marion Cotillard alipata Oscar ya mwigizaji bora wa kike, wa kwanza kuipata kwa nafasi ya Kifaransa, na waliomfanyia meikapu wakapata yao, na ni haki yao kabisa, yani Piaf alikuwa na urefu wa kama sentimita 147 tu, alikufa 1963 ana miaka 47 lakini mwili umechakaa kama bibi wa miaka 70, na huyu dada aliyemwigiza alikuwa ndio kwanza ana thelathini. Akanyoa nyusi, akanyoa na nywele za mbele, akajikunja mgongo, ukimtazama unamsahau kabisa.

Mtu wa mlangoni hapa ni Louis Leplée, mwenye kilabu, aliyemkuta binti anaimba mtaani 1935 akampa jukwaa na akampa jina. Piaf kwa Kifaransa cha mtaani ni shomoro. Huyu ni wa kweli kabisa na muvi haimpambi, maana Aprili 1936 aliuawa nyumbani kwake, polisi wakamgeukia binti wakamhoji weee kama vile yeye ndiye aliyeleta wauaji, na wale waliokuwa wanampigia makofi wiki iliyopita wakaanza kumzomea. Kwa hiyo mlango ulifunguliwa mara moja, ukamfungia usoni, akabidi atafute wa pili. Hiyo naipenda. Ni ya kweli kuliko muziki kupanda.

Uongo mtamu wa Piaf uko kwingine. Namba 72 rue de Belleville kuna kibao ukutani kinachosema alizaliwa pale pale kwenye ngazi, Desemba 1915, katika umasikini wa kutupwa. Cheti chake cha kuzaliwa kinasema Hospitali ya Tenon, hospitali ya kawaida tu ya upande ule ule wa jiji. Yani hadithi imeshinda cheti na jiji limeikubali likaigongomelea ukutani. Ukishajua hilo unaelewa kwa nini watengeneza sinema wanajiachia, kama ukuta wenyewe unadanganya, wao wafanyeje.

Kinachoniudhi kwenye hiyo muvi ni vita. Kuanzia 1940 mpaka 1944 Paris iko mikononi mwa Wajerumani, Piaf anaendelea kuimba, anasafiri mpaka Ujerumani kuwaimbia mateka wa Kifaransa, ni miaka ambayo mtu yeyote angetaka kujua alikuwa anawaza nini, na muvi ya saa mbili na dakika ishirini inairuka kama mtu anayeruka dimbwi asichafue viatu. Kwa nini? Kwa sababu Paris ya vita haiendani na kodiani, ndivyo ninavyoamini mimi.

Ila ile sehemu ya Marcel Cerdan inanifanya nisamehe yote. Cerdan alikuwa bondia, bingwa wa dunia, na mpenzi wake. Oktoba 1949 alipanda ndege kutoka Paris kumfuata New York, ndege ikaanguka visiwa vya Azores wakafa wote 48. Kwenye muvi anaamka anamwona Cerdan kafika, kakaa kitandani, anafurahi, anaenda kumtengenezea kahawa, anatafuta saa aliyomnunulia haioni, na wale watu wengine ndani ya nyumba wanamwangalia tu hawasemi. Wakimwambia, anatembea anapiga kelele kutoka chumba mpaka chumba, kamera haikatwi, inamfuata, na mwisho wa korido kuna jukwaa na watu wamekaa wanamsubiri aimbe. Nimeirudia sijui mara ngapi. Na umeona lakini? Sehemu bora kuliko zote kwenye muvi ya Paris haiko Paris, iko New York, kwenye korido lisilo na hata dirisha.

Sasa hapa ndipo nilipotaka kukaa. Kuna muvi ya 2016 inaitwa Chocolat, usichanganye na ile nyingine ya miaka ya nyuma ya mama wa duka, hii kaiongoza Roschdy Zem na stelingi ni Omar Sy. Ni maisha ya Rafael Padilla, jina la jukwaani Chocolat, mchekeshaji mweusi wa kwanza kuwa staa mkubwa kwenye sarakasi za Paris. Alizaliwa Havana, Cuba, ndani ya utumwa, akiwa mtoto akauzwa kwa Mhispania aliyempeleka Ulaya, akatoroka, akafanya kazi za sulubu mpaka akafika Bilbao, Hispania, na mwaka 1886 akaingia Paris kwenye sarakasi iliyokuwa mpya kabisa ya Nouveau Cirque, mtaa wa Saint-Honoré. Mwenye sarakasi hiyo, Joseph Oller, ndiye huyo huyo aliyekuja kufungua Moulin Rouge miaka mitatu baadae.

Kwenye muvi mambo yako hivi. Padilla yuko kwenye sarakasi ya kijijini kavalishwa manyoya na mifupa anawatisha watoto kwa kungurumia, ndio kazi yake. Anakuja Footit, mchekeshaji wa Kiingereza ambaye nyota yake inazimika, anamwona, anasema mimi na wewe tuungane. Wanaungana, wanapelekwa Paris, wanakuwa moto wa kuotea mbali. Footit anapiga, Chocolat anapigwa, watu wanacheka. James Thierrée anayeigiza Footit ni mjukuu wa Charlie Chaplin na mwili wake ni kama hauna mifupa, alipata César, tuzo kubwa ya sinema ya Ufaransa, kwa nafasi hiyo na kama kuna mtu anabisha aje tubishane.

Nilikuwa naangalia na mdogo wangu, kimya kimya, mara akauliza, "Dada, huyu Footit ni rafiki yake au bosi wake?" Nikamwambia angalia kwanza. Muvi ikaisha hajapata jibu na mimi pia sikuwa nalo, nikaenda kusoma.

Kumbe bwana, Footit hakumgundua mtu yeyote. Aliyemleta Padilla Paris ni mchekeshaji mwingine wa Kiingereza, Tony Grice, ambaye alimchukua Bilbao kama mtumishi na msaidizi wa michezo yake. Na mwaka 1888, kabla hata hajaungana na Footit, Padilla alikuwa tayari ana onyesho lake mwenyewe pale Nouveau Cirque, La Noce de Chocolat, jina lake liko kwenye tangazo. Yani alikuwa staa. Watu walikuwa wanalipa kuja kumwona yeye. Muvi ikafuta miaka hiyo yote, ikamrudisha kijijini kwenye manyoya, ili apatikane Mzungu wa kumtoa. Halafu muvi yenyewe inahuzunika eti Padilla hakupewa heshima yake! Nilicheka kwa uchungu, manake ndio hivyo hivyo, na nyinyi mmemnyima.

Lingine ni Othello. Kwenye muvi Padilla anachoka kupigwa mateke, anaamua kuigiza Othello ya Shakespeare kwenye jumba la heshima na watu wanamzomea. Kwa kweli tamthilia aliyocheza 1911 pale Théâtre Antoine ilikuwa nyingine, Moïse, na haikufanikiwa. Hapo naweza kuwaelewa kidogo, Othello kila mtu anamjua, Moïse ungehitaji dakika kumi za maelezo. Ila ile ya kumgeuza Footit kuwa mtu wa mlangoni siielewi mpaka kesho. Kwa sababu jibu la swali la mdogo wangu liko pale pale, kama Padilla alikuwa na jina lake kabla, basi Footit alikuwa mwenzake, na watengeneza muvi ndio waliomfanya bosi.

Bado nakwambia itazame. Itazame kwa ajili ya Omar Sy anavyobadilisha kicheko chake, mwanzo kinatoka tumboni, mwisho kinatoka kwenye meno tu. Itazame kwa zile safari zake za hospitalini kuwachekesha watoto wagonjwa, hizo ni za kweli. Na usizime mwishoni, wanaweka klipu halisi ya Footit na Chocolat iliyopigwa na kamera ya akina Lumière, wale ndugu waanzilishi wa sinema, sekunde chache tu, picha inatetemeka, na unamwona Padilla mwenyewe, mwepesi, anajua anachofanya, hana haja ya kugunduliwa. Alikufa Bordeaux mwaka 1917 masikini, yuko safarini na sarakasi, akazikwa huko huko. Kibao chake mtaa wa Saint-Honoré kimewekwa 2016, mwaka ule ule wa muvi. Miaka 99 tangu afe.

Baada ya hapo nikawa na jicho baya kwa kila mtu. Nikaangalia Colette ya 2018, ya yule mwandishi wa Kifaransa, anamwigiza Keira Knightley, na pale angalau mtu wa mlangoni anasemwa wazi ni mwizi. Mume wake, aliyejulikana kama Willy, alikuwa anaandikiwa vitabu na watu na kuweka jina lake, akamwandikisha na mkewe, vitabu vya Claudine kuanzia 1900 vikauza balaa kwa jina la Willy, na akifika muda anamfungia chumbani aandike. Muvi nzuri, nyepesi, sina mengi ya kusema. Isipokuwa hii: ile Paris yote ya taa na magari ya farasi unayoiona mle, nyingi ni Budapest.

Eeh, Budapest, Hungaria. Hapa ndio naeleza kwa nini nikikuelekeza Montmartre utapotea. Colette, Budapest. Radioactive ya mwanasayansi Marie Curie, Budapest. Muvi ya TV ya mwimbaji na mcheza dansi Josephine Baker ya 1991, Budapest. Final Portrait, ile ya mchongaji Giacometti na chumba chake kilichojaa vumbi la plasta, kile chumba kilijengwa London. Hata Piaf sehemu kubwa walienda kupiga Prague. Ni hesabu tu, Paris ni ghali, huwezi kufunga mtaa mzima useme leo ni 1900 watu wakuelewe, na miji ile mingine ina majengo ya zama zile zile, barabara zimenyooka vile vile, na inafungika kwa urahisi. Kwa hiyo miaka yote hii mimi nimeipenda Paris ya Hungaria. Sijutii, ila niliona aibu kidogo.

Camille Claudel ya 1988 ndiyo iliyoniumiza. Isabelle Adjani ndiye Camille, mchongaji, Gérard Depardieu ndiye Rodin, mchongaji mwenye jina kubwa. Mtu wa mlangoni hapa ni mwalimu, ni mpenzi, ni mshindani, vyote kwa mpigo. Kinachonishangaza ni udongo, muvi nzima watu wana udongo kwenye kucha, kwenye nywele, jiji halionekani sana, unaona karakana, baridi, mabonge ya mawe yanayosukumwa kwa mikono. Familia ilimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili 1913 na akakaa humo mpaka anakufa 1943. Miaka thelathini. Rodin kapewa makumbusho ya kifahari katikati ya jiji, na sanamu kadhaa za Camille ziko humo humo ndani ya nyumba yenye jina la Rodin, mpaka ilipofika 2017 ndipo na yeye akafunguliwa yake, mji mdogo wa Nogent-sur-Seine, sio Paris.

Kuna mkasa mwingine wa kuchekesha, wa mbunifu wa mavazi Yves Saint Laurent. Mwaka mmoja, 2014, zilitoka muvi mbili za mtu huyo huyo. Ya kwanza ya Jalil Lespert, ilipata baraka za Pierre Bergé, mpenzi wake na mshirika wake wa biashara, aliyekuwa bado hai, wakafunguliwa stoo wakapewa nguo halisi, wakaruhusiwa mpaka ndani ya jumba lake lenyewe la mitindo, avenue Marceau. Ya pili ya Bertrand Bonello haikupewa baraka wala kitambaa, ikabidi washone kila kitu upya. Sasa wewe niambie ipi ni bora. Ya kwanza Pierre Niney anafanana naye mpaka unaogopa, akapata César ya mwigizaji bora, ila mtu wa mlangoni ndiye aliyeshika funguo za stoo na unasikia, muvi nzima Bergé ana subira, Bergé ana busara, Bergé analipa bili. Ya pili ya marehemu Gaspard Ulliel ni ndefu, inakera mahali pengine, haielezi vitu, lakini ile harufu ya chumba cha mafundi, wale akina mama wa sindano wakihangaika na mkono mmoja wa koti usiku kucha, ndiyo iliyonifanya niamini. Na César ya mavazi ikaenda kwao, walionyimwa nguo! Mimi niko upande wa pili, samahani Niney.

Josephine Baker nampitia haraka kwa sababu nasubiri muvi kubwa ya sinema inayomtosha. Ile ya 1991 Lynn Whitfield alichukua Emmy, tuzo ya TV ya Marekani, na alistahili, ila maisha yale hayaenei. Kafika Paris 1925 ana miaka 19, kaletwa na mama mmoja wa Kimarekani aliyekuwa anakusanya wasanii New York, kacheza Théâtre des Champs-Élysées jiji likarukwa na akili, 1937 kawa raia wa Ufaransa, vita vikaja akabeba siri za kijasusi, akalea watoto kumi na wawili wa kuasili, na Novemba 2021 akaingizwa Panthéon, jumba la mashujaa wa Ufaransa, mwanamke mweusi wa kwanza. Jeneza liliwekwa udongo wa sehemu alizoishi, St. Louis, Paris, Milandes na Monaco, mwili wenyewe umebaki Monaco. Hebu fikiria muvi inayoanza na jeneza lenye udongo tu. Mtu aiandike jamani, mi nimetoa wazo bure.

Jana nimemalizia na Monsieur Aznavour ya 2024, Tahar Rahim ndiye mwimbaji Charles Aznavour, waongozaji ni Mehdi Idir na Grand Corps Malade. Mtoto wa wakimbizi wa Kiarmenia, kazaliwa Paris 1924, mfupi, sauti imekwaruza, magazeti yanamwambia hana uso wala sauti ya jukwaani. Najua mnajua ninachosubiri. Nikakaa vizuri nimwone mtu wa mlangoni anaingiaje.

Akaingia Piaf.

Mdogo wangu akashtuka, "Dada, si ndio yule wa mtaani?" Ndio yule yule, kavaa nguo yake nyeusi, miaka kumi na kidogo baada ya Leplée, sasa yeye ndiye mwenye jina na yeye ndiye anayemtazama kijana dakika moja na kumwambia ingia. Na kama wote waliomtangulia, anampa mlango na anamtoza. Aznavour alikaa kwake karibu miaka minane, anamwendeshea gari, anambebea mizigo, anamfanyia na ukarani, anatunga nyimbo huku anasubiri zamu yake, na ni Piaf aliyemshawishi akafanyiwe upasuaji wa pua. Kwenye muvi yake mwenyewe ya 2007 nilimwonea huruma dakika zote mia moja na arobaini. Kwenye ya Aznavour nikamwogopa, kila akiingia chumbani kijana wa watu ananyooka mgongo. Nimeirudisha nyuma mara tatu ile sehemu wanayokutana, mara ya tatu mdogo wangu kashalala.